Mbwa wa Chini ya Kabati

Mimi simwamini mtu upesi. Nalisema mapema ili nisije nikalaumiwa mbele ya safari. Mume wangu hupenda kunitania kwamba hata nikipewa salamu naigeuza kwanza nione upande wa pili kumeandikwa nini. Sawa. Lakini wengi wa wale walioamini upesi tuliotoka nao Bujumbura sijui wako wapi leo, na mimi nipo.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi nilikuwa nafanya kazi ya kusaidia wazee majumbani mwao: kufagia, kupika, kufua, kuwasindikiza kwa daktari na kusikiliza hadithi zile zile. Mmoja wao alikuwa bibi wa Kibelgiji katika mtaa wa Schaerbeek, ghorofa ya tatu, tramu ikipita chini vikombe vinagongana kabatini. Nilimwita Madame. Yeye aliniita mtoto wake, ingawa mimi tayari nilikuwa na watoto wanaonyoa ndevu.

Madame alikuwa na mazoea yake. Chama kimoja cha kuokoa mbwa kilimletea mbwa waliotelekezwa, akakaa nao mpaka wapate mwenyewe. Walikuja, walikula, wakaondoka, wakaja wengine. Mimi nilifagia manyoya yao na kunyamaza. Ila huyu mmoja hakuondoka. Alikuwa mdogo, rangi ya chai ya maziwa iliyopoa, miguu kama vijiti. Alitolewa katika nyumba ya mlevi mwenye mkono mwepesi, ndivyo nilivyoelezwa, na tangu afike alihamia chini ya kabati la koridoni. Ukipita unaona macho tu. Mtu akiinua ufagio, hata macho huyaoni tena. Kubweka hakuwahi, nilidhani labda ni bubu.

Madame alimpa jina la Kifaransa ambalo ulimi wangu haukulipenda. Mimi nilimwita "weye", kama tunavyoitana mtaani kwetu Buyenzi, na hata hivyo si mara nyingi. Nimelelewa katika nyumba ya Waislamu. Kwetu mbwa anakaa nje, mate yake ni najisi, na nguo aliyoilamba huwezi kusali nayo mpaka uioshe ipasavyo. Kwa hiyo pale kwa Madame nilikuwa na koti la kazi na nguo zangu za sala zilikaa ndani ya mfuko uliofungwa. Chakula cha mbwa nilikiweka chini, nikakisukuma kwa ncha ya kiatu, nikaondoka. Sikumgusa, sikumwita, sikumtazama. Nilimpitia mbali kama mtu anayekwepa dimbwi.

Basi yule mbwa akaanza kunifuata. Si karibu, nikiwa jikoni anakaa mlangoni, nikienda chumbani anasogea mpaka koridoni. Nikijifungia chumba cha nyuma kuswali adhuhuri, nikifungua namkuta amelala nje ya mlango. Nilimwona mjanja. Nilidhani anataka nyama.

"Anakupenda," Madame alisema, "kwa sababu wewe humtaki chochote."

"Na kweli simtaki," nikajibu, na siku ile ilikuwa kweli.

Halafu Madame akaanguka bafuni, akavunjika nyonga. Alirudi kutoka hospitali na mkongojo, na mwanawe akaja na habari kwamba nafasi imepatikana katika nyumba ya wazee. Nyumba nzuri, ina bustani, ila mbwa hawaruhusiwi. Binti wa chama, msichana mrefu ambaye sweta yake haikukosa manyoya, alitueleza bila kupambapamba: mbwa asipopata mwenyewe kabla Madame hajahama, atapelekwa kwenye vibanda vya chama, mbwa kwa mstari, kelele kutwa. Mbwa mwoga namna ile huko huacha kula. Alishawaona walioacha kula, na alijua wanavyoishia.

Mwanawe Madame alikuwa ameshaanza kubeba samani. Madame akashika mikono ya kiti chake akasema haondoki mpaka ajue mbwa anakwenda wapi, kisha akaninyooshea mkongojo.

"Wewe ndiye utakayechagua. Mimi naamini kila mtu, ndiyo maana nimeolewa mara tatu."

Kazi ile niliijua kuliko alivyodhani. Nilipoingia nchi hii kuomba hifadhi, niliulizwa maswali kutwa nzima, na nilijifunza yanavyoulizwa. Swali linakuja asubuhi limevaa koti, mchana linarudi lile lile limevua koti, na wao wanaangalia kama wewe bado ni yule yule. Basi nikapika kahawa, nikakaa upande wa meza wenye dirisha nyuma, ili mwanga uwaangukie wao usoni, na watu wakaanza kuja.

Walikuja mume na mke wenye nyumba ya bustani. Mara wakapiga magoti koridoni, wakanyoosha mikono chini ya kabati, wakaongea sauti ya kuongea na vichanga. Mbwa alijibana ukutani mpaka nikasikia kucha zake. Niliwauliza kuhusu mbwa wao wa zamani. Amekufa kwa uzee, alisema mke. Tukanywa kahawa, tukaongea habari za mvua, nikamuuliza mume yule mbwa mzee alikuwa na umri gani. "Ah, yule?" akasema. "Tulimpa mtu, alikuwa anachimba majani." Nikawaletea makoti yao.

Alikuja dada mmoja wa Kikongo mwenye saluni katika maduka ya Galerie d'Ixelles, kucha ndefu, simu inaimba Kilingala kila dakika. Alitaka mbwa mdogo wa kukaa kwenye dirisha la kioo la saluni, amevaa kijikoti, wateja wapige naye picha. "Maman, uyu atakuwa vedette!" akaniambia, yaani nyota. Nikafikiria zile mashine za kukausha nywele zinavyovuma, na wanawake wote wale wakicheka kwa pamoja. Nikamwambia mbwa ana upele. Hakuwa nao, lakini dada alisimama haraka sana.

Wakaja wengine. Mmoja alinukia bia, mwingine alitabasamu mno. Binti wa chama alianza kunitazama kwa jicho la pembeni, akamwambia Madame kwamba hakuna binadamu atakayenifaa. Siku zilikuwa zinakwisha, makabati mawili yalikwishabebwa, na mimi usingizi ulianza kunipaa. Nilikasirika na nafsi yangu. Mbwa! Mimi, binti wa Buyenzi, nakosa usingizi kwa ajili ya mbwa!

Ndipo akaja papa mmoja wa Lubumbashi, kama Wakongo wanavyomwita mtu mzima.

Alivaa suti ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka viwiko vinang'aa, na tai. Hapo hapo nikashuku. Watu wetu hawavai tai kwa ajili ya mbwa. Alikaa, akaweka kofia gotini, wala hakumtazama mbwa kabisa. Alitazama kahawa yake.

"Maman," akaniambia, "uyu mbwa iko nabweka?"

"Sijawahi kumsikia."

"Hata muntu akigonga ku mulango?"

"Hata hapo."

"Bon," akasema, na uso wake wote ukalegea. "Bon. Ni muzuri vraiment."

Nikaacha kukoroga sukari. Kwetu, na kwao pia, mbwa anafugwa ili abweke. Mbwa asiyebweka anakula bure. Mtu mzima wa Katanga anavaa tai, anavuka mji, kuja kufurahia mbwa asiyebweka mlango ukigongwa? Huyo ana kitu nyuma ya mlango. Nikamuuliza anaishi na nani.

"Mwenyewe. Peke yangu, maman."

Tukaongea mambo mengine. Alisafisha mabehewa ya treni, zamu ya mchana. Aliniuliza habari za Bujumbura, nikamjibu kidogo tu. Halafu nikamletea lile swali bila koti: "Na ukiwa kazini, mbwa anabaki na nani?"

"Atabaki na..." Akakohoa. "Atabaki."

Nilimshika. Nilikuwa nainuka kumletea kofia yake, ingawa alikuwa nayo, nilipoona binti wa chama ameweka kidole mdomoni. Mbwa alikuwa ametoka chini ya kabati. Alisimama katikati ya koridoni, mguu mmoja juu, anamtazama yule papa ambaye hakumtazama. Hakuna mgeni hata mmoja aliyepata heshima hiyo.

Nikasema nitafikiri. Nikachukua anwani.

Siku iliyofuata nikatoka kazini nikaenda kwake, mtaa wa Saint-Josse, bila kumwambia mtu. Nilibeba blanketi la mbwa kama kisingizio. Alikaa juu ya duka la masanduku, kengele ina jina lake peke yake. Nilipofika juu nilisikia sauti ndani, na nilipogonga sauti zikakatika. Nikasubiri. Muda ulikuwa mrefu kuliko anaohitaji mtu mmoja kuvaa viatu.

Alipofungua, harufu ilinikaribisha kabla yake. Sombe. Tena sombe ya majani ya muhogo, iliyopondwa na mkono unaojua, imetulia katika mafuta ya mawese.

"Nani kapika?"

"Ni mie, maman."

"Umetia nini?"

Akafikiri. "Nimetia sombe."

"Ndani ya sombe umetia sombe?"

Nikaingia, nikakaa kabla sijakaribishwa, jambo ambalo mama yangu angenipiga kwa ajili yake. Chini ya kiti kulikuwa na ndara za kike. Pazia zilifungwa na nje bado jua. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshamhukumu: anauza mbwa, au ana mwanamke wa siri na kwao ameacha mke na watoto, na mtu wa namna hiyo sitampa hata paka.

"Papa," nikasema, "mimi si polisi."

"Banasemaka vile bote."

Tukatazamana. Yeye alinishuku mimi kama nilivyomshuku yeye, na nadhani wakati ule ndipo nilianza kumwelewa kidogo. Mtu akakohoa nyuma ya mlango wa chumba.

"Ni televizyo," akasema.

Televisheni ilikuwa mbele yetu, imezimwa.

Alisimama kidogo, mikono inaning'inia, halafu akanieleza bila kukaa chini. Ni mke wake, wa ndoa, wa kanisani. Alimfuata kutoka Lubumbashi, akaomba karatasi, akakataliwa, akaambiwa aondoke. Hakuondoka. Tangu siku hiyo hatoki. Dukani hatoki, kanisani hatoki, dirisha hafungui. Kengele ikilia anaingia chumbani. Yeye papa amezoea kumjibu kila anayeuliza kwamba anaishi peke yake: mwenye nyumba, watu wa kazini, hata padri.

"Siku yote iko mwenyewe humu," akasema kwa sauti ya chini. "Sasa ameanza kuongea na ukuta, maman. Nilifikiri ndege, lakini ndege inaimba, bajirani watasikia. Njo nikasikia habari ya uyu mbwa, asiye na kelele. Mi nitamupeleka inje asubuyi na mangaribi. Bibi yangu atabaki naye tu."

Hasira zote ziliniishia miguuni. Nilijisikia vibaya, tena sana, kwamba nilikuwa nimekuja kumvizia mtu aliyejificha. Wengi wetu tumewahi kusema "naishi peke yangu" mtu mwenye kalamu akiuliza. Niliacha blanketi juu ya kiti, nikaaga, na mlango wa chumba haukufunguka.

Lakini mimi ni mimi. Kabla sijafika kituo cha basi nilikuwa nimeshaanza tena: kikohozi kinaweza kuwa cha yeyote. Hadithi ya kutoa machozi hutungwa vizuri, nimezisikia nyingi. Nikajibishana na nafsi yangu njia nzima.

"Mpeni yule papa," nikamwambia Madame asubuhi.

"Unamwamini?"

"Hapana. Lakini mpeni."

Madame akacheka mpaka nyonga ikamuuma. Sikumweleza habari ya mke, wala binti wa chama sikumweleza. Papa akaja na suti yake, mbwa akatiwa ndani ya kisanduku cha kubebea, wakaenda. Baada ya siku chache Madame naye akachukuliwa. Nilibaki kusafisha nyumba tupu. Lile kabati lilipoondolewa nilifagia mahali pake, nikakuta manyoya ya rangi ya chai na kipande cha mkate alichokificha. Nililia. Nikajikasirikia, nikalia tena.

Nilidhani mambo yameishia hapo, mpaka binti wa chama aliponipigia simu. Ni kanuni yao: baada ya wiki kadhaa wanakwenda kumtazama mbwa bila kutoa taarifa, na wakiona kasoro wanamrudisha. Alitaka twende wote, sababu mbwa ananijua. Nilijaribu kumpigia papa nimwonye. Simu yake haikupokelewa. Nilifikiria kusingizia ugonjwa, lakini nikaona bora niwepo.

Ilikuwa Jumamosi. Papa alifungua amevaa fulana, na alipotuona wawili aliangalia uso wangu kama mtu aliyeuzwa. Hilo liliniuma. Ndani palikuwa safi, bakuli la maji limejaa, kamba ya mbwa imetundikwa mlangoni. Mbwa hakuwepo.

"Yuko wapi?" binti aliuliza.

"Analala," papa akajibu kwa Kifaransa.

"Naomba nimwone."

"Anaogopa wageni."

"Najua anaogopa. Naomba nimwone."

Papa alisimama mbele ya mlango wa chumba, jasho limemtoka juu ya mdomo. Nilimwona binti anavyotazama: bakuli, pazia, mlango, papa. Nilijua anachofikiri, maana ndicho ningefikiri mimi. Ameshauzwa. Amekufa. Nikasema labda turudi siku nyingine. Hakunisikia hata kidogo.

"Nisipomwona sasa hivi," akasema, "narudi na polisi."

Neno hilo halihitaji mkalimani. Ndani ya chumba kitu kilianguka. Papa akafumba macho. Halafu kitasa nyuma ya mgongo wake kikageuka, na mlango ukamsukuma taratibu kando.

Alikuwa mwanamke mfupi, kitambaa kichwani, amevaa sweta ya mumewe iliyomfika magotini. Mbwa alikuwa mikononi mwake. Kidevu amekiweka juu ya kiwiko chake, macho yamelegea, na hatetemeki. Sikuwahi kumwona akiwa hatetemeki. Sikujua kwamba ni mzuri.

Mwanamke hakumtazama binti. Alinitazama mimi, kitambaa changu, uso wangu, akajua aongee nami lugha gani.

"Maman, umwambie asimubebe. Uyu mbwa ni wangu."

"Anasema nini?" binti akaniuliza. "Huyu ni nani?"

Papa alitazama sakafu. Mimi nilikuwa na uongo tayari mdomoni, umeiva: ni binamu, ametoka Paris jana, Jumatatu anarudi. Uongo wa namna hiyo natunga nikiwa usingizini, na papa asingeupinga. Nilivuta pumzi kuutoa.

"Mwambie tu, maman," mwanamke akasema, kana kwamba ameuona umekaa kwenye ulimi wangu. "Mi ni bibi ya uyu mwanaume. Niko humu ndani myaka yote, sina karatasi. Nimechoka. Kama banabeba mbwa, babebe na mie."

Nilimtazama binti. Niliyatafuta macho yake nikijiuliza ana ndugu askari, ana jirani mdomo mrefu, atasema nini kwa nani. Sikuona kitu. Nikatafuta tena. Kisha nikatafsiri yote kama yalivyo, mke, miaka, karatasi, na sauti yangu ikawa kama ya mtu anayeulizwa mambo yake mwenyewe. Papa alitafuta kiti kwa mkono, akakaa.

Binti alikuwa anamtazama mbwa.

"Mwambie hakuna mtu anayembeba," akasema mwishowe. Akavuta kiti, akakaa mbali nao, mikono mapajani. "Muulize tu kama anakula vizuri."

Nikamuuliza.

Mwanamke alimsogeza mbwa juu kidogo mkononi, kama anavyosogezwa mtoto aliyelala.

"Anakula kama mi nakula," akasema. "Siku mi sikule, naye hakule. Basi sasa nakula."

Nikageuka kwa binti, nikamtafsiria na hilo.